Hesabu ya Maji ya Rufiji

Maji yapitayo mbele ya mji wa Utete katika mwezi wa Aprili hayakunyesha Utete. Sehemu yake kubwa ni mvua iliyoanguka majuma kadhaa kabla, juu ya milima ya Udzungwa, Mahenge na Njombe. Ikateremka kwa vijito visivyohesabika, ikatanda katika uwanda wa Kilombero, ikabanwa katika maporomoko ya Shuguli na korongo la Stiegler, ndipo ikaachiliwa katika bonde pana linaloishia baharini. Mkulima wa Rufiji aweza kuamka asubuhi isiyo na hata wingu moja, akakuta maji yamekwisha kufika kwenye nguzo za dungu lake.

Kwa mgeni jambo hilo ni kioja. Kwa mkulima ni kalenda. Tangu enzi za mababu, Warufiji wamelima kwa kufuata nyendo za mto. Mpunga hupandwa mvua zianzapo, kwa matarajio kwamba utakua pamoja na kupanda kwa maji. Maji yakisha kupwa, kuanzia Mei na Juni, ardhi iliyoloa na kuachiwa tope jipya hupandwa mahindi, kunde, maboga na pamba. Kilimo hiki cha pili ndicho kiitwacho mlau, nacho hutegemea mvua kidogo sana, kwa kuwa mmea hunywa unyevu uliobakia chini. Mwaka ambao mto haukufurika ni mwaka usio na mlau. Mwaka ambao mto umefurika kupita kiasi, au umefurika mapema wakati mpunga ungali mfupi, ni mwaka wa njaa vilevile. Baina ya hali hizo mbili ndipo riziki ilipo, na nafasi hiyo si pana.

Basi swali la kwamba mto utapanda kiasi gani, na lini, ni la zamani kuliko elimu ya maji yenyewe. Wazee hulijibu kwa kutazama rangi ya maji, mwelekeo wa upepo na kumbukumbu ya miaka iliyopita. Mhandisi wa maji hulijibu kwa kielelezo, yaani mto wa kubuni ulioandikwa kwa namba, ambao waweza kunyeshewa mvua juu ya karatasi au ndani ya kompyuta, kisha ukatazamwa utafanya nini. Tofauti ya majibu hayo mawili si kubwa kama inavyodhaniwa mara nyingi. Yote mawili hutoka katika kukumbuka yaliyotukia, na yote mawili huharibika pale kumbukumbu inapokatika.

Bonde moja, tabia nne

Bonde la Rufiji lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 180,000, ambalo ni karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Lakini sehemu zake hazichangii maji kwa kadiri ya ukubwa wao. Ruaha Mkuu peke yake huchukua karibu asilimia 47 ya eneo lote, ila hutoa asilimia 15 tu ya maji. Kilombero, wenye asilimia 23 ya eneo, hutoa asilimia 62. Luwegu, utokao katika misitu ya kusini ambako watu ni wachache, una asilimia 15 ya eneo na asilimia 18 ya maji. Sehemu iliyosalia, Rufiji ya chini, hupokea zaidi ya inavyotoa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mwanafunzi aliyesoma jiografia ya kidato cha pili. Milima ya Udzungwa hukabili pepo za bahari, hivyo upande wake wa Kilombero hupata mvua nyingi sana, ilhali tambarare za Usangu na Dodoma ziko nyuma ya milima na hupata kidogo. Juu ya hayo, katika nchi kavu jua hunyang'anya sehemu kubwa ya mvua kabla haijafika mtoni. Kutokana na hesabu hii yafuata jambo moja ambalo halina budi kukumbukwa katika yote yatakayosemwa hapa chini. Anayetaka kutabiri mafuriko ya Utete aitazame kwanza Kilombero. Bali anayetaka kutafuta ugomvi wa maji aende Ruaha.

Ubao uliosimama majini

Kila kielelezo cha mto huanza na kitu duni kabisa: ubao wenye alama za sentimita, uliosimikwa ukingoni. Mtu huusoma ubao huo asubuhi na jioni na kuandika namba daftarini. Katika korongo la Stiegler vipimo vya namna hiyo vilianza katikati ya miaka ya 1950, wakati Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipokuwa likilichunguza bonde zima kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji.

Lakini ubao huonyesha kina tu, hauonyeshi wingi wa maji yanayopita. Ili kuupata wingi huo, wapimaji huingia mtoni kwa mashua, au huning'iniza chombo chenye panga dogo lizungukalo kwenye waya uliovuka mto, wakapima kasi ya maji mahali pengi kutoka ukingo hadi ukingo. Kasi ikizidishwa kwa eneo la mkato wa mto hupatikana mita za ujazo kwa sekunde. Kazi hiyo hurudiwa siku za maji machache na siku za maji mengi; kila siku huwekewa nukta moja kwenye karatasi ya miraba, kina upande mmoja na mtiririko upande wa pili, kisha nukta zote huunganishwa kwa mstari uliopinda. Tangu hapo, msoma ubao akileta kina, mstari hutoa mtiririko.

Hapo ndipo penye udhaifu ambao vitabu hupita haraka mno. Nukta nyingi za mstari huo ni za siku za kawaida. Mto ukifurika kwelikweli, mashua haiwezi kwenda, waya hukatika, na mara nyingine ubao wenyewe huchukuliwa na maji. Sehemu ya juu ya mstari, ile inayohusu mafuriko makubwa, kwa hiyo huchorwa kwa kuurefusha mstari wa chini kwa kukisia. Kadhalika, kitanda cha Rufiji ni mchanga, nao mchanga huhama. Mto wa chini umewahi kubadili njia yake zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya delta ilihamia matawi ya kaskazini, ikabadilisha chumvi ya udongo na mahali pa kulima mpunga. Mstari uliochorwa kabla ya mabadiliko kama hayo hauna budi kuchorwa upya.

Neno moja zaidi lahitaji kufafanuliwa, maana hupotosha hata watu wazima. Mhandisi asemapo "mafuriko ya miaka 100" hana maana kwamba yakisha kuja mwaka huu hayatarudi mpaka wajukuu wazeeke. Ana maana kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka uliotangulia, yana nafasi moja katika 100 ya kutokea. Nafasi ya kutotokea katika mwaka mmoja ni 0.99. Nafasi ya kutotokea kwa miaka 30 mfululizo ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, nayo ni kama 0.74. Hivyo mtu anayejenga nyumba ya kuishi miaka 30 mahali panapofikiwa na mafuriko hayo ana nafasi ya asilimia 26 ya kuyaona. Zaidi ya robo! Na ikumbukwe kwamba namba yenyewe ya miaka 100 imekisiwa kutokana na daftari la miaka 70 hivi, lenye kurasa zilizokosekana.

Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliamua kuwahamisha wakazi wa bonde la chini na kuwapeleka katika vijiji vipya vya miinukoni, katika kazi iliyojulikana kama Operesheni Rufiji. Nyumba ziliokoka. Mashamba, hata hivyo, yalibaki kulekule chini kwenye tope jema, na ardhi ya juu ilikuwa ya mchanga. Wengi waliendelea kuteremka bondeni kulima na kulala katika madungu, na mafuriko ya mwaka 1974 yaliwakuta watu huko. Hesabu ya hatari ilikuwa sahihi, ila hesabu ya chakula ilikuwa haijafanywa.

Ndoo yenye tundu

Kielelezo rahisi kuliko vyote cha mafuriko ni ndoo yenye tundu chini. Maji yaingiayo ni mvua au mto wa juu. Maji yaliyomo ni yale yaliyotanda bondeni. Maji yatokayo ni mto wa chini. Kanuni ni mbili tu. Ya kwanza: yaliyoingia, kutoa yaliyotoka, ndiyo yaliyoongezeka ndani. Ya pili: ndoo ikijaa zaidi, tundu hutoa zaidi.

Mwanafunzi na achukue bonde la kubuni ambalo kila siku hutoa robo ya maji yote yaliyomo. Siku ya kwanza yaingie mafungu 64, siku ya pili 128, siku ya tatu 64, kisha mvua ikome. Siku ya kwanza yatatoka mafungu 16, yabaki 48. Siku ya pili yataongezwa 128, yawe 176, yatoke 44, yabaki 132. Siku ya tatu yatakuwa 196, yatoke 49. Siku ya nne yatatoka kama 37, na ya tano kama 28, na kuendelea kupungua polepole. Kilele cha kuingia kilikuwa 128 katika siku ya pili. Kilele cha kutoka ni 49 tu, tena kimechelewa siku moja. Hakuna tone lililopotea. Maji yamecheleweshwa tu, na kwa kucheleweshwa yamekuwa mapole.

Hivyo ndivyo uwanda wa Kilombero ulivyoihudumia Rufiji miaka yote bila kulipwa. Maji ya milimani hufika kwa kishindo, hutanda juu ya majani kwa majuma, na huendelea chini kwa mwendo wa kadiri. Mtaro ukichimbwa ili kuukausha uwanda kwa ajili ya mashamba, au tuta likijengwa ili mto usitande, ni sawa na kuipanua tundu ya ndoo. Faida ni ya mwenye shamba, kishindo ni cha aliye chini.

Wahandisi wana kanuni iliyo bora kidogo kuliko ndoo hii. Ilitungwa Marekani mwaka 1938 na G. T. McCarthy kwa ajili ya mto Muskingum wa jimbo la Ohio, na mpaka leo huitwa kwa jina la mto huo. Yenyewe huzingatia kwamba wimbi la mafuriko likiwa bado njiani, maji yaliyomo mtoni hutegemea yaingiayo na yatokayo kwa pamoja. Vielelezo vya kisasa huligawa bonde katika vipande mamia, kila kimoja na udongo wake, mteremko wake na mimea yake, vikatumia mvua iliyokadiriwa kwa setilaiti mahali pasipo na vipimo. Setilaiti za rada, kama zile za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2014, huona maji hata kupitia mawingu, hivyo mpaka wa mafuriko uliochorwa na kompyuta waweza kulinganishwa na mpaka wenyewe. Lakini msomaji asitishwe na wingi wa namba. Ndani ya kila kipande imo ndoo ileile.

Kinachotia hofu zaidi si ukubwa wa mto mmoja bali kukutana kwa vilele. Ikiwa kilele cha Kilombero na kilele cha Luwegu vitafika Shuguli siku moja, na Ruaha nao ukawa umejaa, bonde la chini litapata jumla ya vyote. Vikipishana kwa siku kumi, mafuriko yatakuwa marefu lakini si ya kuua. Ndiyo maana ya kujua mwendo wa wimbi katika kila tawi, na ndiyo maana ya kuwa na vipimo juu ya kila tawi, si katika korongo peke yake.

Bwawa lililokauka kwa hesabu

Kielelezo kizuri hufaa pia kwa kuuliza yaliyopita. Mfano wake ni Mtera na Kidatu. Kidatu, penye mitambo ya megawati 204, palianza kufua umeme mwaka 1975. Bwawa lake ni dogo, lenye mita za ujazo zipatazo milioni 125. Ghala lake kubwa liko juu, Mtera, lililokamilishwa mwaka 1980 na kuweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Mtera pia ina mitambo yake ya megawati 80 tangu mwaka 1988. Baina ya mabwawa hayo mawili, vijito vya Lukosi na Yovi hushuka kutoka milimani na kuingia mtoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtera ilikauka karibu kabisa, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Vidole vingi vilielekezwa Usangu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji, kwamba wameyameza maji ya taifa. Lakini mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti ambao ndani yake waliyaendesha upya mabwawa hayo mawili katika kompyuta, mwezi kwa mwezi. Waliona kwamba upungufu wa miaka ya 1991 hadi 1994 yaelekea zaidi ulitokana na maji yaliyoachiliwa Mtera bila ya kuwekwa katika hesabu, na pengine bila ya haja. Jambo lenyewe laeleweka bila kompyuta. Wakati Lukosi na Yovi zimejaa, Kidatu yaweza kushibishwa na vijito hivyo peke yake. Maji ya Mtera yakifunguliwa wakati huohuo, bwawa dogo hufurika na ziada huenda zake baharini. Ghala hufunguliwa siku ya njaa, si siku ya mavuno.

Hii haina maana kwamba Usangu haikuwa na lake. Tangu mwisho wa mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, ambao hapo kabla haukujulikana kukauka, umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko wakabanana katika madimbwi ya tope. Hapa pana fumbo lingine la ndoo, ila ndoo hii ina tundu juu badala ya chini. Mito ya Usangu huingia kwanza katika kinamasi cha Ihefu. Kinamasi hicho hutoka mahali pamoja tu, Ng'iriama, penye mwamba ulio kama ukingo wa bakuli. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto hutiririka. Yakishuka chini yake hata kwa upana wa kidole, mto hufa, ingawa ndani ya kinamasi mngali na maji mengi. Wakati huo jua linaendelea kuyanywa.

Hesabu iliyofanywa na watafiti katika miaka ya 2000 ilionyesha ukali wa jambo hili. Ili nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, yapasa mita kama 7 ziingie Ihefu, nazo ni karibu mara mbili ya zile zilizokuwa zikiingia siku hizo. Wale waliodhani kwamba kufunga mfereji mmoja kutaurudisha mto walipata jibu chungu.

Gololi mtelemkoni

Je, hesabu kama hiyo itafikaje kwa mtu anayeshika jembe kwenye mfereji? Katika Usangu njia iliyofaulu ilikuwa mchezo. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika mradi ulioanza mwaka 2001, alitengeneza ubao wa mbao uliolazwa kwa kuinama. Katikati ya ubao pamechongwa mto. Ubavuni pametobolewa mashimo, ambayo ni mashamba. Gololi huachiliwa juu, nazo ndizo maji. Wachezaji ni wakulima wenyewe, nao huweka vijiti vidogo mtoni kama mabanio ili kuvuta gololi zielekee kwenye mashimo yao.

Mzunguko wa kwanza kila mtu hujitetea. Walio juu hujaza mashimo yao mpaka gololi zikamwagika. Walio chini huketi mikono mitupu, na mara kelele huanza. Kisha watu hubadilishana nafasi: wa juu huenda chini. Ndipo mazungumzo yanapogeuka, na watu wakaanza kusema juu ya zamu, juu ya ukubwa wa mabanio, juu ya mfereji unaoendelea kupokea maji ilhali shamba limekwisha kuvunwa. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, kwani si haba maji ya kiangazi yaliyokuwa yakipita katika mifereji isiyo na mpunga.

Sheria inayo maneno yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huweka mbele maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kulinda mazingira, ndipo wengine wafuate. Na kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Lakini kibali huandika kiasi fulani kwa sekunde, na banio la mawe na matete halijui kuhesabu. Katika mwaka mkavu, mwenye banio la juu huchukua kiasi kilekile alichoandikiwa katika mwaka wa neema, naye hajavunja sheria. Gololi ziliwafundisha watu kusema sehemu badala ya kiasi: nusu yako, nusu ya aliye chini, mto uwe mwingi au mchache. Mwalimu wa sayansi aweza kuutengeneza ubao kama huo kwa mbao ya seremala na gololi hamsini, na kipindi kimoja kitatosha.

Ghala jipya korongoni

Wazo la kulifunga korongo la Stiegler ni la miaka mingi. Mamlaka ya kuliendeleza bonde, RUBADA, iliundwa kwa sheria mwaka 1975, na michoro ya bwawa ilitayarishwa na wahandisi wa Norway kufikia mwaka 1980. Ujenzi ulianza mwaka 2019. Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kuzuiwa. Mtambo wa kwanza ulianza kufua umeme Februari 2024, na mitambo yote tisa, yenye megawati 2,115 kwa jumla, ilikamilika mwaka 2025. Bwawa hilo, liitwalo Julius Nyerere, lina ukuta wa kimo cha mita 131 na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kwa kuwa mto hupitisha hapo wastani wa mita za ujazo 800 hadi 900 kwa sekunde, yaani bilioni 25 hadi 28 kwa mwaka, ghala hili laweza kumeza mto wa mwaka mzima.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kujipatia wenyewe jambo ambalo magazeti hayakulieleza sana. Nguvu ya maji ni uzito wake ukizidishwa kwa kimo cha kuanguka. Kimo kikichukuliwa kuwa mita 100, na mitambo ikifaidi asilimia 90, kila mita ya ujazo kwa sekunde hutoa kilowati 883. Mitambo yote ikizunguka kwa nguvu zake zote huhitaji mita zipatazo 2,400 kwa sekunde. Mto wa wastani hauna hata nusu ya hizo. Kwa hiyo mwendesha bwawa hujaribu kuweka akiba kadiri awezavyo, na kuitumia kidogo kidogo mwaka mzima. Mto wa chini, uliozoea Aprili ya kishindo na Oktoba ya mchanga, hupewa maji yaliyolinganishwa.

Bwawa huombwa pia lizuie mafuriko, na hapo maombi mawili hugongana. Umeme hutaka ghala lijae. Ulinzi wa mafuriko hutaka pawe na nafasi tupu. Bwawa lililojaa halichelewesha chochote cha maana: yaingiayo mia, yatoke mia. Msimu wa mvua wa 2023 hadi 2024 ulikuwa wa El Niño. Mwanzoni mwa Aprili 2024 milango ya bwawa ilikuwa wazi, na maji yakafunika vijiji na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Waliofikwa na maji waliitazama milango. Wenye dhamana ya umeme walijibu kwamba bila ya bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi na yangeanza mapema. Ubishi wa namna hii hauhitaji kumalizwa kwa kupaza sauti. Wahitajika mistari miwili katika karatasi moja: mtiririko ulioingia bwawani siku kwa siku, na ule uliotoka. Mstari wa kutoka ukiwa chini ya ule wa kuingia wakati wa kilele, bwawa limesaidia. Ukiwa juu, limeongeza. Mstari wa tatu, wa kielelezo, huonyesha nini kingetokea kama milango ingefunguliwa kidogo kuanzia Januari. Mkulima wa Mohoro aweza kuisoma michoro hiyo akionyeshwa, maana amekuwa akiusoma mto huo maisha yake yote.

Upande wa pili wa swali ni mgumu zaidi. Watafiti Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, waliofanya kazi katika bonde la chini kwa miaka mingi na kutumia vipimo vilivyosomwa na wanakijiji wenyewe, walichapisha mwaka 2007 makala iliyouliza kama mafuriko ya Rufiji ni baa au baraka. Walionyesha kwamba maziwa ya kandokando ya mto, penye perege na kambare, hujazwa upya na mafuriko tu. Mafuriko yakikosekana miaka michache, ziwa hunywea na samaki huisha. Mlau vivyo hivyo. Tope lililokuwa likirutubisha mashamba na kuijenga delta, yenye msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, sasa hutua nyuma ya ukuta, wala hakuna namna nyepesi ya kulitoa.

Maji, tofauti na tope, yaweza kufunguliwa kwa makusudi. Kielelezo cha bonde la chini chaweza kuonyesha ni kiasi gani kifunguliwe, kwa siku ngapi, ili maziwa yaunganishwe na mto na ardhi ya mlau ilowe bila ya kufikia sakafu za nyumba. Chaweza pia kuonyesha gharama yake kwa saa za umeme, kwa kuwa maji yapitayo milangoni hayapiti kwenye mitambo. Kisichoweza kuonyesha ni nani aamue, na siku gani tangazo lipelekwe Utete, Ikwiriri na Mohoro kabla ya mlango wa kwanza kuinuliwa. Mpunga hupandwa Desemba. Mpandaji ahitaji kujua kabla ya hapo kama Aprili ijayo mto utakuja, na utakuja kwa kimo gani.